Vumbi Lilelile la Shinkolobwe

Hapa kwetu Luanda Kotieno, ambapo wengi hupita tu wakikimbilia feri ya Mbita, hakuna mgodi wa urani. Lakini watu wa Nyanza tunaijua vizuri stori ya Kariokor. Kwenye Vita vya Kwanza vya Dunia, vijana wengi wa huku walichukuliwa kuwabebea Waingereza mizigo. Maelfu hawakurudi, na mishahara mingi ya waliokufa haikuwahi kufika kwa familia zao. Sababu? Eti warithi hawajulikani.

Ndiyo maana nikisoma historia ya bomu la atomiki, macho yangu hayaendi kwa wanasayansi. Nauliza: walipwaji walikuwa nani?

Shinkolobwe iko Katanga, kusini mwa Kongo, nchi ya watu wanaoongea Kiswahili kama sisi. Urani iligunduliwa hapo mwaka 1915, na kampuni ya Wabelgiji, Union Minière, ikachimba ikitafuta radiamu. Mwaka 1940 bosi wake, Edgar Sengier, alikuwa akisafirisha zaidi ya tani 1,000 za mawe hayo hadi New York. Septemba 1942 jeshi la Marekani likayanunua, kisha likataka mengine. Na si mawe ya kawaida: mengine yalikuwa na oksidi ya urani zaidi ya asilimia 60, kiwango kikubwa kuliko cha migodi ya Marekani na Kanada. Sehemu kubwa ya urani ya bomu la Hiroshima, tarehe 6 Agosti 1945, ilitoka huko.

Wakongo ndio waliochimba mawe hayo na kuyachambua kwa mikono. Yakafika kiwanda cha Mallinckrodt, jijini St. Louis, na huko pia wafanyakazi wakavuta vumbi lake.

Sasa angalia tofauti. Mwaka 2000 Marekani ilipitisha sheria: mfanyakazi wa viwanda vya silaha za nyuklia aliyepata saratani kwa sababu ya mionzi anaweza kulipwa dola 150,000 na gharama za matibabu. Akiwa amekufa, familia yake inaweza kudai. Na pale rekodi za mionzi zilipopotea au hazikutosha, sheria iliacha mlango: kundi zima linaweza kuaminiwa bila kila mtu kuleta vipimo vyake. Wafanyakazi wa Mallinckrodt wa miaka ya 1940 wamo kwenye kundi la namna hiyo.

Mchimbaji wa Shinkolobwe hayumo kabisa. Sheria hiyo haifiki Kongo. Sengier naye alipewa nishani na Marekani mwaka 1946.

Kwa hiyo mtu akikuambia fidia haiwezekani kwa kuwa rekodi hakuna, usikubali haraka. St. Louis rekodi zilikosekana pia, na watu wakalipwa. Kilichohitajika ni serikali kukubali kwamba pengo la karatasi ni kosa lake, si la mgonjwa. Wakongo walivuta vumbi lilelile, na bado hakuna aliyewafungulia mlango huo.