Nani Alilipia Ulezi? Gharama ya Kulea Watoto Nyumbani Mjini Kampala

Vitabu vya historia ya Kampala vinatueleza habari za vilima, reli, makanisa, mikataba na wafalme. Mtoto mchanga hayumo. Hata hivyo kila mwanamke aliyeuza ndizi Nakasero, aliyefundisha shule Mengo au aliyepiga chapa katika ofisi ya serikali alikuwa amemwacha mtoto wake kwa mtu fulani asubuhi ile. Insha hii inauliza: mtu huyo alikuwa nani, na alilipwa nini? Ninavyoona mimi, ulezi wa nyumbani katika mji huu haujawahi kuwa wa bure. Gharama ilikuwapo siku zote, ila ilibebwa na watu ambao hakuna aliyeandika majina yao, hasa wasichana wadogo na mabibi vizeini. Bei inayolalamikiwa na wazazi leo ni gharama ile ile ya zamani, ambayo sasa inaonekana.

Tuanze na Buganda ya kale, kabla ya mji kuitwa mji. Mtoto alikuwa wa ukoo, na lilikuwa jambo la kawaida mtoto akishaachishwa ziwa kupelekwa kwa ndugu wa baba, kwa bibi, au kwa mtu mwenye cheo. Wavulana wa koo mbalimbali walipelekwa kutumikia katika nyumba za machifu na katika ikulu ya Kabaka. Apolo Kagwa, aliyekuja kuwa Katikkiro na mtu mwenye nguvu kuliko wote Buganda, alianza maisha yake ya utu uzima kama kijana wa kutumikia ikulu. Katika mpango huo hakuna pesa iliyobadilishana mikono, lakini malipo yalikuwapo: mtoto alilipia malezi yake kwa kazi. Alichota maji, alikata kuni, alibeba watoto wadogo kuliko yeye. Kiganda kina neno *okulera*, nasi tuna *kulea*. *Omulezi* wao ni mlezi wetu. Tofauti ni kwamba huko Buganda mlezi angeweza kuwa mtoto wa miaka minane aliyefungiwa mtoto mwingine mgongoni. Mpaka kati ya kulelewa na kutumikishwa haukuwa wazi, na nadhani hadi leo haujawa wazi.

Mkataba wa Buganda wa 1900 ulileta kodi ya kibanda ya rupia 3 kwa mwaka, na kodi ikaleta haja ya fedha taslimu. Wanaume walikwenda kutafuta kazi mjini. Wanawake wengi walibaki na shamba, pamba na watoto. Katika nyumba za Wazungu na Wahindi kule Nakasero na Kololo ulezi ulipata sura nyingine. Yaya alikuwa na mshahara wa mwezi, na neno lenyewe lilisafiri kutoka Kireno kupitia India kabla ya kufika kwetu. Watumishi wengi wa nyumba hizo walikuwa wanaume, na vyumba vidogo vya "maboi" vilivyojengwa nyuma ya majumba bado vinaonekana Kololo leo, vingine vikiwa vimepangishwa kwa wanafunzi. Sisi tunaosoma Kiswahili tuna sababu ya kukumbuka vyumba hivyo. Katika nyumba nyingi za walowezi na maofisa Kiswahili kilikuwa lugha ya kumwagiza mpishi na yaya, na sitashangaa ikiwa sehemu ya dharau ambayo lugha hii inaipata Kampala hadi leo ilianzia jikoni, kabla ya kambi za jeshi.

Katika miaka ya 1950 tunapata mashahidi wawili muhimu. Wa kwanza ni kitabu cha Southall na Gutkind kilichochapishwa 1957, kuhusu Kisenyi na Mulago. Wanawake wanaoonekana humo wanapika pombe, wanauza chakula, wanapangisha vyumba. Ni kazi za mlangoni. Tukizisoma kwa jicho la ulezi tunaona kwa nini: mwanamke asiye na mtu wa kumshikia mtoto huchagua biashara inayomruhusu kumwona mtoto huku pombe ikichemka. Waandishi wengi huzitaja kazi hizi kama dalili ya ukosefu wa elimu tu. Mimi nadhani zilikuwa pia jibu la swali la nani abaki na mtoto, na gharama yake ilikuwa mapato ambayo mwanamke huyo hakuyapata kwa sababu hakuweza kwenda mbali na mlango wake.

Shahidi wa pili ni Mary Ainsworth, mwanasaikolojia aliyefika Uganda 1954 na kufanya kazi chini ya taasisi ya utafiti wa jamii iliyokuwa hapa Makerere. Alifuatilia familia 26 katika vijiji vilivyo karibu na Kampala, akachapisha kitabu chake 1967. Leo ulimwengu mzima wa saikolojia unamtaja kwa nadharia ya mshikamano wa mtoto na mama, na wachache wanakumbuka kwamba ilianzia kwenye mikeka ya Waganda. Kwa historia yetu, jambo la kuvutia zaidi ni lile ambalo hakulikuta. Alikuwa amekusudia kuchunguza desturi ya kumpeleka mtoto kwa bibi wakati wa kumwachisha ziwa, ili asahau titi. Alipofika alikuta desturi hiyo imekwisha kulegea sana. Kwa hiyo wale wanaosema kwamba familia ya Kiafrika ilianza kuvunjika juzi, kwa ajili ya simu na mishahara, wamechelewa. Miaka 70 iliyopita, vijijini, bibi hakuwa tena jibu la uhakika.

Baada ya uhuru wa 1962 wauguzi, walimu na makarani wanawake waliongezeka mjini, na jibu jipya likawa msichana kutoka kijijini: binti wa dada, wa binamu, au wa jirani wa mama mkwe. Hakuitwa mfanyakazi. Aliitwa "mtoto wa kwetu". Malipo yake yalikuwa chakula, nguo ya Krismasi na ahadi ya kusomeshwa, na ahadi hiyo ndiyo iliyogharimu wengi maisha yao. Miaka ya 1970 iliuimarisha mpango huu. Idi Amin alipowafukuza Waasia 1972 kwa kuwapa siku 90, wapishi na mayaya wao walipoteza kazi pia, jambo ambalo masimulizi ya tukio hilo hulipita haraka. Kisha ukaja wakati wa magendo, ambapo mshahara wa mwezi haukutosha hata kwa wiki, na wanawake wa ofisini wakaingia kwenye biashara. Mama aliyesafiri kwenda Busia kutafuta sukari hakuweza kwenda na mtoto, wala kulipa mshahara wa maana. Alichoweza kutoa ni posho na kipande cha sabuni. Gharama ikahamishiwa kijijini, kwenye familia iliyopoteza mikono ya binti na kwa binti aliyepoteza shule.

Ukimwi uliongeza idadi ya watoto waliohitaji kulelewa na, kwa wakati huo huo, idadi ya yatima waliopokewa na ndugu na kugeuzwa walezi wa watoto wa ndugu hao. Kisha, mwaka 1997, serikali ilianzisha elimu ya msingi kwa wote, na wanafunzi wakaruka kutoka takriban milioni 3 hadi zaidi ya milioni 5 katika mwaka mmoja. Mabadiliko haya husomwa kama historia ya elimu. Kwa nyumba za Kampala yalikuwa pia historia ya ulezi: msichana wa miaka kumi aliyekuwa akimbeba mtoto wa shangazi sasa alikuwa na dawati, walau kwa miaka michache. Sheria ikafuata polepole. Sheria ya Ajira ya 2006 ilikataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 12, na marekebisho ya Sheria ya Watoto ya 2016 yakapandisha umri wa ajira hadi miaka 16. Ni sheria nzuri, na kila msichana aliyeokolewa nayo aliacha pengo ambalo hakuna aliyepanga bajeti yake.

Siku hizi msichana mwenye umri wa kuajiriwa ana chaguo jingine, kwenda *kyeyo* Saudi Arabia, Oman au Dubai. Hatari za huko zinajulikana, na serikali ilisimamisha safari hizo kwa muda mwaka 2016, lakini mshahara wa Riyadh ni mara kadhaa ya ule wa Ntinda. Kwa maneno mengine, yaya wa Kampala anashindaniwa na mama wa Riyadh. Kuna pia suala la imani. Mwishoni mwa 2014 video ya yaya akimpiga na kumkanyaga mtoto wa mwaka mmoja na nusu hivi mjini Kampala ilizunguka dunia nzima. Mfanyakazi huyo alihukumiwa kifungo cha miaka minne. Mazungumzo yaliyofuata yalihusu kamera. Machache sana yalihusu saa za kazi za yaya, au ukweli kwamba kima cha chini cha mshahara kinachotajwa nchini bado ni kile cha 1984, shilingi 6,000 kwa mwezi, ambazo hazimfikishi mtu mbali kwa boda boda.

Ndipo tunamwona mama jirani anayelea watoto wa wenzake nyumbani kwake. Yuko Kamwokya, yuko Bwaise, yuko Kikoni nyuma ya chuo chetu, ambako wenzetu kadhaa huacha watoto kabla ya kipindi cha saa mbili asubuhi. Anafanya kazi katika *muzigo*, chumba kimoja chenye pazia katikati. Sheria inampa mama aliyeajiriwa siku 60 za kazi za likizo ya uzazi, yaani takriban miezi mitatu. Shule ya awali huanza miaka mitatu, nayo Sheria ya Elimu ya 2008 imeiacha mikononi mwa watu binafsi na wazazi. Katikati pana miezi 33 hivi ambayo haina wizara inayoilipia. Muuza nyanya hana hata hiyo miezi mitatu.

Tuchukue mfano wa hesabu tu. Mama anapata faida ya shilingi 10,000 kwa siku na kumlipa mlezi 2,000, pamoja na uji anaoubeba kwenye chupa. Moja ya tano ya pato imekwenda kabla hajalipa kodi ya nyumba, na ataona ni ghali. Mlezi naye akiwa na watoto wanane anapokea 16,000. Humo atoe mkaa, jerikani za maji, sabuni ya kufulia nepi na kodi ya chumba ambacho mwenye nyumba amekwisha kukipandisha bei kwa sababu ya kelele. Akimwajiri msaidizi hapati kitu. Asipomwajiri, ana mikono miwili kwa watoto wanane. Akiongeza bei mama mmoja anamtoa mtoto na kumwachia dada yake wa miaka tisa, ambaye siku hiyo haendi shule.

Wazazi wanasema anawanyonya. Watu wa mashirika wanasema vyumba vyake si salama. Wote wana sababu, lakini ukimfuata jioni akifunga mlango utakuta kwamba mara nyingi watoto wake mwenyewe wako Masaka au Luweero kwa jjajja yao, na kila mwisho wa mwezi hutuma kwa simu kiasi kinachobaki.