Megapikseli kibao, picha ukungu: historia inasemaje?



Mtu akitaka kununua kamera ya dijitali, au siku hizi simu, swali lake la kwanza ni moja: "Ina megapikseli ngapi?" Leo naomba turudi nyuma kidogo, maana historia inaonyesha kuwa ukungu kwenye picha una vyanzo viwili vikubwa: kitu kucheza (mkono wako au unayempiga) na fokasi kukosea. Megapikseli haziponyi hata kimoja.

Tuanzie Paris mwaka 1838. Louis Daguerre alipiga picha ya mtaa wa Boulevard du Temple akiwa juu ghorofani. Mtaa ule ulikuwa na pilika nyingi, lakini kwenye picha unaonekana mtupu! Kamera yake ilihitaji kupokea mwanga kwa dakika kadhaa, kwa hiyo watu na magari ya farasi yaliyokuwa yakipita vikafutika. Aliyebaki wazi ni bwana mmoja aliyesimama akisafishiwa viatu. Alibaki kwa sababu alitulia.

Mwaka 1878, Eadweard Muybridge akapanga kamera 12 kando ya njia ya farasi huko Palo Alto, California. Shata zilifunguka na kufunga kwa sehemu ndogo sana ya sekunde. Farasi akaonekana ameinua miguu yote minne hewani kwa pamoja, jambo ambalo watu walikuwa wakibishania. Ubishi ukaisha. Kumbe picha safi ni ushahidi!

Dijitali ilifuata baadaye sana. Mwaka 1975, injinia kijana wa Kodak, Steven Sasson, alitengeneza kamera ya kilo 3.6 iliyohifadhi picha moja kwenye kaseti kwa sekunde 23. Picha yenyewe? Megapikseli 0.01 tu. Kutoka hapo mbio za megapikseli zikaanza.

Lakini dawa ya ukungu ilipatikana kwingine. Mwaka 1977 Konica walitoa C35 AF, kamera iliyojifokasi yenyewe. Mwaka 1994 Nikon wakatoa Zoom 700VR iliyopunguza mtikisiko wa mkono, na mwaka 1995 Canon wakatoa lenzi ya 75-300mm yenye uwezo huo. Zote hizo ni za enzi ya filamu! Na Nikon D1 ya mwaka 1999, iliyowahamisha waandishi wengi kwenda dijitali, ilikuwa na megapikseli 2.7 tu. Magazeti yalichapa picha zake bila tabu.

Kwa hiyo tujifunze nini?

1. Bonyeza kitufe nusu, subiri kamera ifokasi, ndipo umalizie. Kwenye simu, gusa uso wa mtu kwenye kioo.

2. Bana viwiko mbavuni au egemea ukuta. Lenzi ya 200mm inataka shata ya 1/200 ya sekunde au kasi zaidi.

3. Kizuia mtikisiko kinasaidia mkono wako, hakimsimamishi mtu anayekimbia. Mpirani anzia 1/500.

4. Ukumbini kwenye giza, pandisha ISO. Chengachenga kidogo ni nafuu kuliko ukungu.

Kwa sisi waandishi hili si suala la urembo. Namba ya gari iliyofifia au uso uliocheza katikati ya vurugu haumsaidii mtu yeyote kujua nani alifanya nini, na tukio halirudiwi. Usitegemee kompyuta nayo: programu inaweza kukoleza kingo, lakini haiwezi kurudisha kile ambacho kamera haikukipata. Hizi mpya za akili bandia ndizo hatari zaidi, maana zinaweza kubuni sura. Sura ya kubuniwa si ushahidi hata kidogo.

Yule bwana wa Paris huenda hakujua hata kama anapigwa picha. Alitulia tu, na leo bado tunamwona.

Naomba kutoa hoja. Mwenye nyongeza, karibu!