Mizinga Iliyotoka Majini

Mjini Jinja, mwendo wa kilomita 80 hivi mashariki ya Kampala, umehifadhiwa mzinga mkongwe wa Kijerumani. Mzinga huo haukuundwa kwa vita vya nchi kavu. Uliundwa kwa manowari, ukazama pamoja nayo, kisha ukafufuliwa na mafundi wa reli. Kisa chake kinafaa kujulikana na kila askari.

Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwaka 1914, manowari za Uingereza ziliufunga mwambao wa koloni la Wajerumani, ambalo sasa ni Tanzania bara, Rwanda na Burundi. Koloni hilo halikuwa na kiwanda cha silaha. Tarehe 20 Septemba 1914, manowari Königsberg iliizamisha Pegasus ya Waingereza huko Unguja, kisha ikajificha katika delta ya Rufiji. Tarehe 11 Julai 1915 ilipigwa vibaya na Severn na Mersey, na mabaharia wake wakaizamisha wenyewe.

Mizinga yake 10, ya milimita 105, iliopolewa na kukokotwa hadi Dar es Salaam. Huko karakana ya reli, iliyowekwa kwa ajili ya injini na mabehewa, ikageuka kiwanda cha vita. Mafundi waliiundia mizinga ile magari ya kukokotwa barabarani. Nazo risasi zilizoletwa na meli Rubens mwezi wa Aprili 1915, zikalowa maji ya chumvi katika ghuba ya Manza karibu na Tanga, zilifunguliwa, baruti ikakaushwa, zikafungwa upya.

Kazi hiyo ilirefusha vita. Mzinga mmoja ulifungwa katika meli Graf von Götzen ziwani Tanganyika, meli ambayo baadaye iliitwa Liemba. Mingine ilinguruma Kondoa Irangi mwaka 1916. Lakini tarehe 4 Septemba 1916 Dar es Salaam ilitekwa, na karakana ikapotea. Tangu siku hiyo mzinga ulioharibika haukuwa na mahali pa kutengenezwa. Kufikia mwisho wa mwaka 1917 yote 10 ilikuwa imetekwa au imevunjwa na wenyewe. Jeshi la von Lettow-Vorbeck lilivuka mto Ruvuma mwezi wa Novemba 1917 likitafuta risasi katika maghala ya Wareno. Lilipoweka silaha chini huko Abercorn, ambayo leo ni Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, sehemu kubwa ya bunduki zake zilikuwa za kutekwa.

Hivyo ndivyo karakana inavyolibeba jeshi. Lakini ni nani aliyeibeba mizinga? Pasipo na reli, mzinga mmoja ulihitaji mamia ya watu wa kuukokota kwa kamba, kupita matope na milima. Upande wa pili hali ilikuwa ile ile. Askari wa Uganda walipigana katika Batalioni ya 4 ya King's African Rifles, na wachukuzi wa Uganda walipelekwa kuyahudumia majeshi ya Wabelgiji mwaka 1916. Wachukuzi waliokufa upande wa Waingereza peke yake walizidi 40,000, na wengi wao hawakuuawa kwa risasi, bali kwa kuhara, homa na upungufu wa chakula. Kikosi chao kimeacha jina la Kariakoo mjini Dar es Salaam, na majina yao wenyewe mengi hayakuandikwa popote.

Chuma cha Königsberg kimetunzwa, kikapakwa rangi, na watu huenda kukitazama. Migongo iliyokibeba haina kaburi linalojulikana. Askari apitaye mbele ya mzinga wa Jinja ana haki ya kuustaajabia ufundi wa karakana ile. Lakini heshima yake kwanza na iwaendee wale waliokuwa wameshika kamba.