Shamba Lililoishia Kwenye Gunia

Juzi keateka wa ploti yetu alinigongea mlango asubuhi. Kwenye balkoni nina ndoo nne za rangi, zile za lita 20: mbili za sukuma, moja ya dhania na moja ya vitunguu vya majani. Akaniambia mwenye ploti hataki "mambo ya ushago" hapa. Nizitoe kabla ya mwisho wa mwezi.

Sikubishana naye, yeye ametumwa tu. Lakini hilo neno "ushago" limenikaa kichwani wiki nzima. Ebu fikiria: huko ushago mtu ana shamba, gunia la kupandia mboga ni la nini? Kupanda sukuma kwenye gunia au ndoo ni jambo la mjini kabisa. Na hapa Nairobi lina historia yake, historia ya watu walionyimwa ardhi kidogo kidogo mpaka wakabaki na ile inayoingia kwenye gunia.

Twende Kibra.

Reli ilifika Nairobi mwaka 1899, na mji ukaanza kukua kando yake. Miaka michache baadaye serikali ya kikoloni iliwapa askari Wanubi, waliotumikia jeshi lake la King's African Rifles, mahali pa kukaa nje kidogo ya mji. Kwa Kinubi, kibra ni msitu. Mwaka 1918 eneo hilo lilitengwa rasmi, karibu ekari 4,197. Watu walijenga, wakafuga, wakalima. Naam, Kibra ilikuwa na mashamba! Kitu kimoja tu hawakupewa: hati ya kumiliki.

Bila hati, ardhi yako ni yako mpaka siku mwenye nguvu aitake. Ikamegwa. Mitaa kama Jamhuri na Ngummo ilijengwa kwenye ardhi iliyokuwa sehemu ya Kibra. Wapangaji nao wakazidi kuja, vyumba vikabanana, na mashamba yakageuka mabati. Hatimaye mwaka 2017 jamii ya Wanubi ilipokea hati ya ardhi. Ekari ngapi? 288. Weka hiyo namba kando ya ile 4,197, halafu uniambie shamba lilienda wapi.

Na si Kibra pekee. Mkoloni alimwona Mwafrika mjini kama mpita njia. Alitembea na kipande, akapewa kitanda kwenye chumba cha wanaume, na ikachukuliwa kwamba chakula cha familia yake kinalimwa na mke aliyeachwa nyumbani. Kwa hiyo sheria ndogo za mji hazikutaka mashamba yake mtaani. Uhuru ulipokuja, sheria zilibaki na mtazamo ulibaki. Kanjo waliendelea kufyeka mahindi ya watu, na sababu zilizorudiwa kila mara ni zile zile: eti yanaleta mbu, eti yanaficha wezi.

Watu waliacha? Wapi! Mwaka 1985 taasisi ya Mazingira ilifanya utafiti katika miji ya Kenya. Hapa Nairobi, karibu familia moja kati ya tano ilikuwa inalima chakula mjini. Kando ya reli, kando ya mito, chini ya nyaya za stima. Walijua wanaweza kufyekewa wakati wowote, na bado walipanda.

Halafu ikafika mwisho wa 2007 na mwanzo wa 2008. Sisi wengine tulikuwa watoto, lakini wazazi wetu wanakumbuka. Fujo za baada ya uchaguzi zilichoma soko la Toi, pale pale mlangoni mwa Kibra. Reli ikang'olewa. Mama mboga hana mboga, na aliye nazo anauza kwa bei ya kutisha. Ni katika kipindi hicho ambapo shirika la Kifaransa, Solidarités International, lilianza kugawa miche Kibra na kufundisha watu kupanda kwenye magunia. Gunia na udongo mtu alijitafutia mwenyewe.

Jinsi ya kulitengeneza ni hivi. Chukua mkebe usio na kitako, usimamishe katikati ya gunia, uujaze kokoto. Uzungushie udongo uliochanganywa na samadi. Uvute mkebe juu kidogo, ujaze tena kokoto, kisha udongo, hivyo hivyo mpaka juu. Ile nguzo ya kokoto ndiyo inapeleka maji mpaka chini; bila hiyo, juu patakuwa matope na chini vumbi. Kisha toboa mashimo pembeni, uchomeke miche ya sukuma na spinachi kuzunguka. Gunia moja linabeba miche 30 hivi, na chini limeshika nafasi ndogo kuliko meza. Wengi walioyatunza walikuwa akina mama. Jioni unachuma majani kiasi cha sufuria, pesa ya mboga inanunua unga.

Serikali nayo ilikuja kushtuka. Mwaka 2015 Kaunti ya Nairobi ilipitisha sheria ya kukuza na kusimamia kilimo cha mjini. Mwaka 2020, korona ilipotufungia, wizara ya kilimo ikazindua mpango wa bustani milioni moja za nyumbani. Kile kilichokuwa kosa kikawa kampeni.

Lakini angalia vizuri. Sheria inaweza kumruhusu mtu wa Nairobi kulima, na wengi wetu bado ni wapangaji. Anayeamua kama sukuma itakaa balkoni ni mwenye ploti. Ndiyo maana sifurahii sana tunapoposti ndoo zetu kama urembo wa nyumba, picha safi na muziki laini. Tunasahau kwamba watu walianza hivi kwa sababu hawakuwa na pa kusimamia jembe. Na eti gunia unaweza kuhama nalo? Jaribu kuliinua likiwa limemwagiliwa. Ukifukuzwa, unaacha udongo wako pale pale, kama vile Kibra ilivyoacha wake.

Mimi nimeamua hivi: nitaenda kuongea na mwenye ploti mwenyewe. Nitaweka sahani chini ya kila ndoo ili maji yasimdondokee jirani wa chini, hilo lalamiko ni halali. Nitabeba na fungu la sukuma. Akikataa, nitajua nimekataliwa na mtu niliyemwangalia machoni. Lakini hataniambia tena ni mambo ya ushago. Ni mambo ya Nairobi, na tumekuwa nayo zaidi ya miaka mia.

Wewe je, kwenu mnaruhusiwa?