Viboko shuleni: kutoka enzi za babu hadi leo, na sheria inavyosema

Msikilizaji wetu, kila tunapogusa suala la viboko katika kipindi, simu hulia mfululizo. Wazee husema, "Sisi tulichapwa na tukawa watu." Wazazi vijana huuliza, "Mwalimu anaruhusiwa kumchapa mwanangu mpaka wapi?" Makala hii inajibu pande zote mbili, kwa shule za Tanzania Bara.

Enzi za babu na bibi

Kabla ya Uhuru mwaka 1961, watoto wachache tu ndio walifika shuleni. Wengi walifundwa nyumbani, machungani, shambani, na katika jando na unyago. Mtoto alikuwa wa wote: ukimtukana mzee njiani, jirani alikuchapa, na ukifika nyumbani kushitaki unaongezewa. Lakini jirani yule yule ndiye aliyekulisha mama yako akiwa safarini. Aliyekuadhibu alikujua kwa jina, na ukoo wako aliujua.

Enzi za wazazi wetu

Mwaka 1967 ilikuja Elimu ya Kujitegemea, na shule nyingi zikawa na mashamba na mifugo. Mwaka 1977 ikaanza kampeni ya elimu ya msingi kwa wote, iliyojulikana kama UPE, na Sheria ya Elimu ya 1978 ikamlazimu mzazi kumpeleka mtoto shule. Madarasa yakajaa watoto waliotoka kila kitongoji, na mwalimu hakuweza tena kujua habari za kila nyumba. Mwaka 1979 serikali ikatunga kanuni za viboko.

Enzi zetu na za watoto wetu

Ada ya shule za msingi ilipofutwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, na elimu bila ada ilipofikishwa hadi kidato cha nne mwaka 2016, watoto waliongezeka mno. Mwalimu mmoja mbele ya watoto 100 huona fimbo ndiyo njia ya haraka. Mimi mwenyewe nilichapwa kwa kuchelewa, na hakuna aliyeniuliza kwamba nilitoka kuchota maji kwanza. Kuchelewa sikuacha, maana kisima hakikusogea. Nilichoacha ni kunyoosha mkono darasani.

Sheria inasemaje?

Viboko havijafutwa Tanzania Bara, tofauti na Kenya iliyovipiga marufuku shuleni mwaka 2001. Lakini kanuni za mwaka 2002 zimeweka mipaka:

- Viboko visizidi vinne kwa wakati mmoja.
- Anayechapa ni mwalimu mkuu, au mwalimu aliyeidhinishwa naye kwa maandishi.
- Mtoto wa kike achapwe na mwalimu wa kike, isipokuwa shule haina mwalimu wa kike.
- Achapwe mkononi, au makalioni akiwa na nguo, kwa fimbo nyepesi.
- Adhabu iwe kwa kosa kubwa, izingatie umri na afya ya mtoto, na iandikwe kwenye daftari.

Kwa hiyo kuchapa darasa zima kwa kufeli hesabu, kupiga kichwani au mgongoni, makofi na mateke, vyote viko nje ya kanuni. Nayo Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza mateso na adhabu za kikatili, hata nyumbani.

Hili si jambo dogo. Mwaka 2018 mwanafunzi wa shule ya msingi mkoani Kagera alifariki baada ya kupigwa na mwalimu, na mwalimu huyo alihukumiwa na mahakama mwaka uliofuata.

Mtoto akiumizwa ufanye nini?

Kwanza mpeleke akatibiwe. Kama ana majeraha, pitia polisi uchukue fomu ya PF3. Hali ikiwa mbaya, hospitali kwanza. Pili, muone mwalimu mkuu na uombe kuoneshwa daftari la adhabu. Usiporidhika, nenda kamati ya shule, ofisi ya mtendaji, afisa ustawi wa jamii, au Dawati la Jinsia na Watoto polisi. Pia unaweza kupiga 116, namba ya bure ya huduma kwa watoto. Usiende shuleni na panga wala kundi la ndugu. Hapo kesi itageuka iwe yako.

Na nidhamu je?

Wazee hawakosei wakisema samaki mkunje angali mbichi. Ila kukunja si kuvunja. Walichokuwa nacho wao kilikuwa zaidi ya fimbo: mtu mzima aliyemjua mtoto, aliyemuuliza alikotoka na aliyefuatilia. Hilo bado linawezekana. Hudhuria mkutano wa wazazi, mjue mwalimu wa darasa, na jioni mwulize mtoto siku yake ilikwendaje. Mwalimu naye, kabla ya kuinua fimbo, aulize kwanza: umechelewa kwa nini?