Dona, sembe na maharage: historia ya unga wa Kariakoo na sukari ya damu



Kila tukizungumzia kuhifadhi mahindi, swali hili hujitokeza: "Bwana shamba, dona na sembe vina tofauti gani, si vyote ni mahindi?" Jibu lake lina historia, na historia hiyo inapita Kariakoo.

Jina Kariakoo limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Wapagazi wale walilishwa posho, na sehemu kubwa ya posho ilikuwa unga wa mahindi. Baada ya vita mji ulikua. Mtu wa mjini hana shamba wala kinu, hivyo ananunua unga. Na unga wa dukani lazima ukae.

Hapo ndipo sembe ilipopata nguvu. Punje ya mahindi ina ganda, kiini na wanga mweupe. Kiini kina mafuta, kwa hiyo ukisaga punje nzima, yaani dona, unga huchacha mapema. Ukikoboa, ganda na kiini vinatoka, na unga unabaki mweupe na wa kudumu. Wewe mwenye duka unajua faida yake. Shirika la Taifa la Usagishaji, NMC, lililoanzishwa mwaka 1968, lilisambaza sembe nchi nzima, na kwa miaka kadhaa serikali iliitolea ruzuku, hadi ilipoondolewa mwaka 1984. Sembe ikawa chakula cha heshima, dona ikaonekana ya shida. Pumba zikaenda kwa kuku na ng'ombe, na nyuzinyuzi nyingi zikaenda nazo.

Madaktari wa Mulago

Wakati huo madaktari wawili waliofanya kazi hospitali ya Mulago, Kampala, walikuwa wanajiuliza jambo. Hugh Trowell alifika Afrika Mashariki mwaka 1929, na Denis Burkitt alianza kazi Uganda mwaka 1946. Waliona kwamba magonjwa yaliyojaa Uingereza, kisukari kikiwemo, yalikuwa nadra kwa wanakijiji wa huku waliokula nafaka zisizokobolewa, ndizi na jamii ya kunde. Mwaka 1975 Trowell aliandika kwamba wanga ulioondolewa nyuzinyuzi huenda ni chanzo kimojawapo cha kisukari.

Mwaka 1977 David Jenkins na wenzake, huko Uingereza, walichapisha jaribio lao. Walichanganya chakula cha wanga na nyuzinyuzi za mmea wa jamii ya kunde uitwao guar, pamoja na pektini ya matunda. Sukari ya damu baada ya kula ilipanda kidogo kuliko kawaida.

Sababu yake ni rahisi. Nyuzinyuzi hazimeng'enywi tumboni kama wanga. Zile zinazoyeyuka katika maji huvuta kama mlenda: chakula kinatoka tumboni polepole, vimeng'enya vinaufikia wanga kwa shida, na sukari inaingia kwenye damu kidogo kidogo. Kongosho halielemewi.

Lakini hapa tusidanganyane. Nyuzinyuzi za ganda la mahindi nyingi si za aina hii ya kuvuta. Dona ina virutubisho zaidi na husaidia choo, ila ikisagwa laini sana, nayo humeng'enywa haraka. Kazi kubwa ya kupunguza kasi inafanywa na maharage, kunde, choroko, mbaazi na bamia. Makande nayo huchelewa kumeng'enywa, kwa kuwa punje haikusagwa.

Takwimu zetu wenyewe

Mwaka 1989 Profesa Donald McLarty wa Muhimbili na wenzake walichapisha matokeo ya vijiji sita vya Tanzania: wenye kisukari hawakufika mtu 1 kati ya 100. Utafiti mwingine, uliochapishwa mwaka 2000, ulilinganisha Ilala, wilaya yenye Kariakoo ndani yake, na kijiji cha Shari, Kilimanjaro. Ilala walikuwa karibu 6 kati ya kila 100; Shari hawakufika 2. Chakula si sababu pekee, maana uzito wa mwili na kukaa bila kufanya kazi za nguvu navyo vinachangia. Lakini leo sembe, soda na chipsi vimefika hadi vijijini.

Ufanye nini?

1. Usiuze mbaazi na maharage yote. Mwaka 2017 India ilipozuia mbaazi na bei kuanguka, wengi waliziona mzigo. Debe la nyumbani ni akiba ya afya.
2. Punguza tonge, ongeza mboga ya kunde na mchicha. Pika makande mara kwa mara.
3. Muuza unga, saga dona kidogo kidogo, andika tarehe ya kusaga, na uiuze mapema kabla haijachacha. Chambua mahindi yenye ukungu kabla ya kusaga, kwa sababu sumukuvu ni hatari.
4. Ongeza nyuzinyuzi taratibu na unywe maji ya kutosha, tumbo lisijae gesi.
5. Ukiwa na kisukari, usiache dawa kwa sababu ya maharage. Zungumza kwanza na kliniki yako.

Msimu huu ukipeleka gunia sokoni, pima kwanza la nyumbani.