Diskografia ya ZZ Top

Diskografia ya ZZ Top ni jumla ya rekodi za bendi ya bluzi-roki ya Marekani iliyoanzishwa Houston, Texas, mwaka 1969. Ina albamu 15 za studio, kuanzia *ZZ Top's First Album* (1971) hadi *La Futura* (2012). *Eliminator* (1983), iliyouza zaidi ya nakala milioni 10 Marekani, hudaiwa kuitupa bluzi kwa sababu ya sintesaiza na mashine za ngoma. Dai hilo lina uzito kuhusu mlio tu. Gitaa la Billy Gibbons wa ZZ Top liliendelea kubeba misingi ileile ya bluzi iliyosikika katika "La Grange" (1973), wimbo unaofuata mdundo wa bugi wa mwanabluzi John Lee Hooker. *Rhythmeen* (1996) iliziacha sintesaiza, na bluzi ikabaki.